Njiwa mnyonge wa mjini: joto kwanza, maji yafuate, chakula mwisho

Miongoni mwa barua zilizotufikia kutoka Mwanza, kadhaa zinahusu jambo moja: njiwa wa mjini anayeokotwa akiwa amedhoofika, hawezi kuruka, na mwokotaji hajui aanzie wapi. Nimeona nizijibu pamoja kwa sababu majibu yake yanategemeana, na kwa sababu ninaamini kwamba wengi wa njiwa hawa hawafi kwa maradhi waliyookotwa nayo, bali kwa chakula walichoshindiliwa na mtu mwenye huruma kabla miili yao haijawa tayari kukipokea.

Swali

Shikamoo, Daktari. Mimi ni mama mfanyabiashara wa dagaa katika mwalo wa Kirumba. Juzi jioni, tulipokuwa tukifunga mizigo, nilimwona njiwa wa kijivu chini ya meza, amejikunyata, manyoya yamemsimama, na watu wakipita karibu naye haondoki. Nilimchukua kwa kuhofia paka. Nyumbani nilimpa ugali na maziwa kwa kijiko, lakini vingine vilimtoka puani. Sasa yumo ndani ya tenga jikoni, hali chochote, na kinyesi chake ni kidogo na cha kijani. Kijana wangu anashauri tumchinje kabla hajafa mwenyewe. Nifanye nini?
*Mama wa Kirumba*

Jibu

Marahaba, mama. Umefanya vema kumwondoa pale, kwa kuwa njiwa asiyeweza kuruka katika mwalo wenye paka, kunguru na mwewe hamalizi siku. Tafadhali usimpe tena ugali wala maziwa, na mwondoe jikoni leo hii.

Joto la mwili wa njiwa mwenye afya ni kati ya nyuzi 41 na 42 za Selsiasi, yaani ni juu kuliko letu hata tunapokuwa na homa. Kulidumisha joto hilo kunahitaji chakula kila siku. Njiwa akikosa chakula huchoma mafuta ya mwili wake, kisha huanza kuila misuli ya kidari, na hiyo inapokwisha hubaki bila nguvu za kuruka na bila uwezo wa kujipasha moto. Ndiyo maana umemkuta manyoya yamesimama: anajaribu kuinasa hewa yenye joto kati ya manyoya na ngozi. Kinyesi kidogo cha kijani nacho ni dalili ya njaa ya muda mrefu, kwa sababu kinachotoka hapo kwa sehemu kubwa ni nyongo, hakuna chakula.

Tumbo la ndege aliyepoa halisagi. Chakula ukimshindilia katika hali hiyo hukaa ndani ya gole, yaani mfuko wa chakula ulio chini ya shingo, huchacha, na humwua siku ya pili au ya tatu, wakati mwenye nyumba anadhani amemsaidia. Kwa hiyo utaratibu ni mmoja na haupinduliwi: joto, kisha maji, kisha chakula.

Kwa joto, chukua katoni yenye kimo cha kumtosha kusimama, itoboe matundu pembeni, na utandike chini kitambaa kizito kisicho na nyuzi zilizochomoka, maana kucha zake zitanasa humo. Jaza chupa ya plastiki maji ya moto kiasi ambacho mkono wako unaweza kuvumilia, izungushie kitenge, na uilaze upande mmoja tu wa katoni, ili njiwa akisikia joto limezidi aweze kusogea upande wa pili. Maji yakipoa, badilisha. Wapo wanaotumia taa. Hilo linawezekana kwa balbu ya zamani yenye waya unaowaka, lakini balbu za kisasa zinazookoa umeme hazitoi joto la maana. Ukimwona ameachama mdomo, anahema upesi na kutanua mabawa, umezidisha, na chupa iondoke mara moja.

Nimesema aondoke jikoni kwa sababu ya moshi na hewa ya mkaa. Mapafu ya ndege yameungana na mifuko ya hewa iliyoenea hadi ndani ya baadhi ya mifupa, na hewa huyapitia kwa mkondo mmoja wakati wa kuvuta na wakati wa kutoa pumzi. Mpangilio huo ndio unaompa nguvu ya kuruka, lakini ndio pia unaomfanya aathiriwe na hewa chafu mapema kuliko sisi. Mweke chumbani, mahali penye giza kiasi na utulivu, mbali na redio na watoto. Kwake mkono wa binadamu ni mkono wa adui, hata uwe mpole vipi, na hofu inatumia nguvu zile zile ambazo hana.

Akishapata joto kwa muda wa nusu saa hadi saa nzima, na miguu yake ukiigusa haiko baridi, ndipo umpe maji. Pakiti ya ORS inayouzwa katika maduka ya dawa, ikichanganywa kama maelezo yake yanavyoagiza, inamfaa kwa siku ya kwanza, iwe vuguvugu. Njiwa hanywi kama kuku. Kuku huchota tone, akainua kichwa na kuliacha litelemke. Njiwa huzamisha mdomo na kufyonza mfululizo. Kwa hiyo shika bakuli mbele yake, inamisha kichwa chake taratibu mpaka ncha ya mdomo iingie majini, lakini matundu ya pua yabaki nje. Mara nyingi atafyonza mwenyewe. Akikataa, ngoja nusu saa ujaribu tena. Usimmiminie maji mdomoni kwa kijiko wala kwa bomba la sindano bila kuelekezwa na mtaalamu, kwa maana tundu la koo la hewa liko wazi nyuma tu ya ulimi, na kilichomtoka puani juzi kilikuwa karibu sana na kuingia mapafuni. Msikilize anapopumua: ukisikia mkwaruzo, au mkia unapanda na kushuka kila pumzi, apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kusubiri.

Kuhusu maziwa, ndege hawana kimeng'enya cha kutosha cha kuyeyusha sukari iliyomo, hivyo humharisha na kumkausha maji zaidi. Najua wapo watakaosema kwamba njiwa hunyonyesha. Ni kweli kwamba mama na baba, wote wawili, hutengeneza ndani ya gole uji mweupe, uitwao maziwa ya njiwa, wa kuwalisha makinda, lakini uji huo ni chembe za utando wa gole zenye protini na mafuta mengi, na haufanani na maziwa ya ng'ombe ila kwa jina.

Chakula kifuate baada ya kunywa mara kadhaa na kupata choo chenye majimaji. Sambaza mbele yake mtama, uwele, choroko na mahindi ya kuparaza, kwa sababu punje nzima ya mahindi makubwa ni kazi kwa ndege aliyechoka. Njiwa wa mialoni wamezoea kuokota makombo, lakini mwili wao umeumbwa kwa nafaka na jamii ya kunde. Mkate na ugali hujaza gole bila kumjenga. Akidonoa mwenyewe, kazi yako imepungua sana. Asipodonoa hadi kesho yake, loweka au chemsha kidogo njegere, ziache zipoe hadi ziwe vuguvugu, mfunge njiwa kwa taulo, mweke mapajani, ufungue mdomo kwa kidole gumba na cha shahada, na uweke njegere moja moja nyuma ya ulimi, ukimpa nafasi ya kumeza kila moja. Anza na 10 hadi 15, usiongeze mpaka gole litakapopungua, kisha kila mlo upandishe kidogo hadi 30 au 40 asubuhi na jioni. Mkono unaomshika usibane kifua: ndege hana kiwambo kama chetu, hupumua kwa kuinua na kushusha kidari, na ukikibana unamzuia kupumua.

Kila asubuhi, kabla hajala, papasa kidari chake. Kwa njiwa aliyeshiba misuli imejaa pande zote mbili za mfupa. Kwa aliyekonda mfupa huchomoza kama mkuku wa mashua iliyopandishwa ufukweni. Kama una mizani ndogo ya dukani, mpime pia. Njiwa mzima wa mjini huwa na gramu 250 hadi 400, na mwenye gramu 200 ana safari ndefu. Andika uzito huo kila siku, kwa maana macho hudanganya. Njiwa anaweza kuonekana mchangamfu huku akizidi kupungua.

Mama, naomba pia umwangalie ndani ya mdomo kwenye mwanga. Ukiona utando au uvimbe wa rangi ya manjano unaofanana na jibini, na harufu mbaya, hayo ni maradhi yanayoletwa na kijidudu kiitwacho *Trichomonas gallinae*. Ni maradhi ya kawaida mno kwa njiwa. Huambukizwa kupitia maji ya kunywa ya pamoja, na wazazi huwapa makinda wakati wa kuwalisha. Usiung'oe uvimbe huo, kwa sababu unaweza kumwaga damu asiyoweza kuizuia. Yanatibika kwa dawa za jamii ya metronidazo, ile ambayo wengi huijua kwa ajili ya amiba, lakini kipimo cha kiumbe wa gramu 300 si cha kukisia kwa kukata vipande vya kidonge. Ukizidisha, dawa yenyewe hudhuru mishipa ya fahamu. Mpeleke kwa daktari wa mifugo au afisa mifugo wa kata, ukiwa na uzito wake mkononi.

La mwisho ni la kijana wako. Msimchinje kwa ajili ya kula. Njiwa aliyezubaa karibu na maghala ya nafaka huenda amekula punje zilizotegewa panya au zilizochanganywa na dawa ya wadudu, na sumu hizo haziondoki kwa kupikwa. Kama anatetemeka, anatokwa na ute mwingi mdomoni, au mmeona njiwa wengine kadhaa wakianguka siku hiyo hiyo, toeni taarifa kwa afisa mifugo, na mizoga isiachwe ikaliwa na mbwa, mwewe au korongo wakubwa wa mwaloni.

Swali

Daktari, mimi nafuga kuku wa kienyeji Igoma. Njiwa mmoja ameingia bandani akiwa amepinda shingo mpaka kichwa kinatazama juu. Anazunguka mahali pamoja, anadonoa pembeni ya punje bila kuipata, na choo chake ni maji matupu. Jirani ananiambia amerogwa nimtupe mbali. Mke wangu anamhurumia. Je, anaweza kupona, na kuku wangu wako salama?
*Mfugaji wa Igoma*

Jibu

Ndugu mfugaji, hakuna uchawi hapo. Dalili ulizozieleza, yaani shingo kupinda, kuzunguka, kukosea punje na kinyesi chenye maji mengi, ni zile zinazojulikana sana za aina ya kirusi cha mdondo, ambao wengine huuita kideri, iliyozoea miili ya njiwa. Zipo sababu nyingine za shingo kupinda, kama vile kugonga kioo au kuumwa sikio la ndani, na ni uchunguzi wa maabara pekee unaoweza kuthibitisha. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ina kituo Mwanza, na afisa mifugo wako anajua namna ya kufikisha sampuli. Kwa usalama wa banda lako, fanya kana kwamba ni mdondo mpaka ithibitike vingine.

Maana yake ni kwamba njiwa huyo atoke bandani sasa hivi. Kirusi kinachomdhuru njiwa kinaweza kuwaingia kuku, hasa kupitia kinyesi kilichoingia katika chakula na maji. Osha vyombo vya kunyweshea, fagia na uchome takataka za sehemu aliyokuwa, na usitoke kwake ukaingia kwa kuku bila kunawa mikono kwa sabuni na kubadili viatu. Kama kuku wako walipata chanjo ya mdondo ya tone la jicho ndani ya miezi mitatu iliyopita, wana kinga nzuri. Kama muda umepita, zungumza na afisa mifugo, lakini kumbuka kwamba chanjo hukinga kuku ambaye hajaambukizwa na haimtibu aliyekwisha kuugua.

Sasa kuhusu huruma ya mkeo, ambayo naiunga mkono kwa dhati. Hakuna dawa inayoua kirusi hiki, lakini njiwa wengi wanaotunzwa hupona, kwa sababu mara nyingi kinachowaua huko nje ni njaa. Anaiona punje, anaitaka, na kichwa hakimtii. Mtu akimlisha, mwili wake unapata muda wa kupambana. Muda huo ni wa wiki kadhaa, na kwa wengine miezi miwili au mitatu, kwa hiyo asianze mtu asiyeweza kuumaliza. Mpe nafaka katika bakuli lenye kina cha vidole vitatu au vinne, si katika sahani, ili hata akikosea shabaha mdomo uzame ndani ya punje. Maji nayo yawe katika chombo chenye kina, kizito kisichopinduka. Funika pande tatu za kizimba kwa kitambaa, kwa sababu kila kishindo na kila kivuli humzidishia mtetemeko na kuzunguka. Siku ambazo hawezi kabisa, mlishe njegere kwa mkono kama nilivyomweleza mama wa Kirumba.

Hata akinyooka shingo, mtenge na kuku kwa wiki sita au zaidi, kwa kuwa huendelea kutoa kirusi baada ya kuonekana mzima. Baadhi hubaki na shingo inayorudi kupinda wanaposhtuka. Huyo wa namna hiyo asiachiliwe, maana mwewe humteua yeye kwanza. Kama hakuna mtu wa kumfuga mahali pasipo na kuku, ni haki kumwomba daktari wa mifugo ampumzishe bila maumivu. Sioni aibu kulisema hilo. Kumtupa mbali, kama jirani alivyoshauri, ni kumwua kwa njaa na kuwapelekea wafugaji wengine ugonjwa.

Swali

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, naishi Kitangiri. Njiwa wengi wa hapa mtaani wana vidole vilivyokatika, na mmoja anachechemea amefungwa na uzi miguu yote miwili, umezama kwenye nyama. Wenzangu wanasema wamezaliwa hivyo. Naweza kuukata uzi huo?
*Mwanafunzi wa Kitangiri*

Jibu

Marahaba, mwanangu. Hawakuzaliwa hivyo. Njiwa hutembea chini siku nzima akitafuta punje, na kila uzi ulioanguka humviringa vidoleni. Anapojaribu kujinasua anaukaza, damu inazuiliwa, kidole kinavimba, kinakuwa cheusi na hatimaye kinadondoka. Watafiti waliowachunguza njiwa wa jiji la Paris, Ufaransa, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2019, waliona kwamba ulemavu wa vidole ulikuwa mwingi zaidi katika mitaa yenye saluni nyingi, na mdogo zaidi palipokuwa na bustani nyingi. Ukitazama kwetu, utaona tuna nywele na nyuzi za rasta zinazofagiliwa nje ya saluni, nyuzi za mafundi cherehani, nyuzi za viroba, na juu ya hayo vipande vya nyavu na mishipi ya nailoni vinavyotupwa mialoni, ambavyo haviozi.

Unaweza kumsaidia, lakini si peke yako. Mshirikishe mtu mzima. Mmoja amshike njiwa ndani ya taulo, kichwa kimefunikwa ili atulie, na mwingine afanye kazi kwenye mwanga mkali. Lowesha mguu kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo kwa dakika chache, uchafu ulainike na uzi uonekane. Tafuta mwisho wa uzi, au mahali palipo na nafasi kati ya uzi na ngozi, ingiza ncha ya mkasi mdogo wa kucha au kifungua mshono cha fundi cherehani, na ukate mbali na ngozi. Toa vipande kimoja kimoja, ukivifungua kwa kuvirudisha vilivyozunguka. Usivute uzi uliozama, kwa maana unakata mshipa na mfupa kama msumeno usiouona. Ukimaliza, hesabu vidole vyote na uangalie kati ya kila viwili, kwa sababu unywele mmoja uliosahauliwa utaendelea na kazi yake. Safisha kwa iodini iliyozimuliwa.

Uzi uliofunikwa kabisa na nyama, au mguu uliovimba na kuwa wa moto, ni kazi ya daktari, ambaye ataufungua kwa vifaa vyake na kutoa dawa ya kuzuia maambukizo. Kidole kilichokwisha kukauka na kuwa cheusi hakiokoki, nawe usikikate, kitadondoka chenyewe. Njiwa mwenye vidole pungufu huishi, huruka na hulea makinda, mradi sehemu iliyobaki imepona.

Swali

Tuna njiwa anayepata nafuu, sasa anaruka kutoka kitandani hadi juu ya kabati. Binti yangu wa miaka tisa amemzoea na hataki aondoke. Mama mkwe, ambaye yuko kwenye matibabu na kinga yake ya mwili ni ndogo, anaishi nasi. Nina wasiwasi juu ya maradhi. Tumwachie lini, na tumpeleke wapi? Kuna mtu amenishauri Kisiwa cha Saanane, eti huko kuna utulivu.
*Mama wa Mabatini*

Jibu

Nianze na mama mkwe, kwa sababu hilo haliwezi kungoja. Kinyesi cha njiwa kilichokauka kinaweza kubeba kuvu aina ya *Cryptococcus*, ambao mtu mwenye afya huuvuta hewani bila madhara, lakini kwa mwenye kinga dhaifu unaweza kufika kwenye utando wa ubongo. Ipo pia bakteria iitwayo *Chlamydia psittaci*, inayoleta homa, maumivu ya kichwa na kikohozi kikavu. Haina maana kwamba kila njiwa anayo. Ina maana kwamba njiwa asilale nyumba moja na mama. Kama jirani au ndugu mwenye afya anaweza kummalizia siku zilizobaki katika kibanda cha nje, mpelekeeni leo. Atakayesafisha asifagie kinyesi kikavu: akilowanishe kwanza kwa maji ya sabuni, afunike pua na mdomo, akizoe kikiwa kibichi, kisha anawe. Na katika familia yoyote, akitokea mtu mwenye homa na kikohozi baada ya kukaa na ndege, amwambie daktari habari ya huyo ndege, kwa sababu bila kuulizwa wengi hawalitaji.

Kuhusu kumwachia, kuruka hadi juu ya kabati ni mwanzo mzuri, lakini hakutoshi. Awe na uwezo wa kupaa kutoka sakafuni bila kukimbia, kugeuka hewani, na kurudia hivyo mara kadhaa bila kuachama. Kidari kiwe kimejaa, uzito usipungue kwa siku kadhaa mfululizo akijilisha mwenyewe, kinyesi kiwe na umbo, cha kahawia chenye weupe, na manyoya yatiririshe maji badala ya kulowa. Mwonyesheni binti dalili hizo na mpeni yeye kazi ya kuandika uzito kila asubuhi huko aliko njiwa, bila kumshika sana. Mtoto anayeona tarakimu zikipanda anaelewa kwamba njiwa anaelekea kuondoka, naye anajiandaa. Wiki ya mwisho mpunguzeni mazoea, kwani njiwa asiyeogopa binadamu wala paka hatakaa muda mrefu mtaani.

Saanane hapana. Kisiwa hicho ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, na si mahali pa kuachia ndege wa mjini, ambaye anaweza kupeleka maradhi kwa ndege wa porini. Hata kwa njiwa mwenyewe utulivu huo si neema. Njiwa ni ndege wa kundi. Hujua mahali penye nafaka na maji kwa kuwafuata wenzake, huambiwa na mabawa ya wenzake kwamba mwewe amekuja, na mara nyingi ana mwenzi wake, kwa kuwa wakishaoana huishi wawili wawili. Mrudisheni pale pale alipookotwa, au karibu kabisa na hapo, mahali ambapo kundi linashuka kula. Mfanye hivyo asubuhi, siku isiyo na mvua wala upepo mkali wa ziwani, akiwa ameshiba na amekunywa, ili awe na mchana mzima wa kutambua mahali. Mfungulieni katoni chini, msimrushe juu. Akitoka na kukaa kwanza juu ya paa la karibu, msiwe na hofu; anatazama. Akibaki chini amejikunyata hadi jioni, mrudisheni kwa siku chache zaidi.

Mkiona pete mguuni mwake, ana mwenyewe, nanyi mwulizie mtaani kwa wanaofuga njiwa kabla ya kumwachia. Na kama mgongo wake ni wa rangi ya udongo mwekundu wenye madoa meupe, na ngozi inayozunguka macho ni nyekundu, huyo si wa jamii ya njiwa wa kufugwa waliotawanyika mijini bali ni njiwa wa porini aliyezoea majabali na mapaa yetu. Utunzaji wa awali ni ule ule, lakini taarifa yake ipelekwe kwa maafisa wa wanyamapori, kwa sababu kumweka nyumbani kunahitaji kibali.

Swali

Nimekuta kinda la njiwa chini ya jengo, lina manyoya machache na nyuzi za njano. Wazazi wanaonekana juu. Nilichukue?
*Fundi ujenzi, Nyegezi*

Jibu

Kama ungali unaliona tundu, yaani kiota, na unaweza kulifikia kwa usalama, lirudishe, kwani si kweli kwamba wazazi watalikataa kwa harufu ya mkono wako. Makinda huwa mawili kwa kawaida, na hubaki tunduni kwa muda wa wiki nne hadi tano, hivyo lenye nyuzi za njano bado halijafikia kuruka. Kama tundu limebomolewa na kazi yenu, tia kinda na mwenzake katika kikapu kidogo au ndoo iliyotobolewa chini, yenye nyasi kavu, uifunge karibu kabisa na mahali pa zamani penye kivuli, kisha mwondoke wote kwa saa mbili au tatu na kuangalia kwa mbali kama mzazi anashuka. Akishuka, mkiweza kuahirisha kazi ya upande huo mpaka makinda yaruke, mtakuwa mmeyaokoa. Asiposhuka hadi jioni, lipashe joto usiku huo kama nilivyoeleza hapo juu, usililishe kitu mpaka lisiwe baridi, na uniandikie upya ukitaja ukubwa wake na hali ya manyoya, kwa sababu kulisha kinda ni kazi tofauti na kulisha njiwa mzima, na ninakusudia kuieleza kwa urefu katika toleo lijalo.